Gari Lililokwenda Ukweni Kinyumenyume

Mume wangu Zedekia alikuwa fundi wa magari hapa Kasese, na chini ya gari hakuingia bila kuomba. Alisema jeki ni chuma tu, anayeshikilia ni Mungu. Akishaomba analala chali juu ya gunia, na hapo usimwite kula. Chuma kikimshinda hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyeanziwa habari na sasa anataka kujua imeishaje.

Ndiyo sababu Nasani alimjia. Nasani alikuwa kijana wa kuwatolea wafanyabiashara mizigo yao forodhani, kule Mpondwe. Mwaka ule wa 1967 alikuwa na kigari chekundu cha viti viwili, hakina paa, alichokinunua kwa Mzungu aliyerudi kwao. Kati ya Katunguru na Muhokya, pale barabara imenyooka, watu walikisikia kabla ya kukiona.

Siku hiyo alikileta polepole, akakaa mlangoni kwetu kama mgonjwa.

"Fundi, kule ukweni iko maneno," akasema.

Alikuwa anamchumbia Loyi, binti ya Yonasani, juu ya Kisinga. Mlima huo mimi nilizaliwa huko, naujua, hata mbuzi akifika pale husimama kwanza. Nasani alipokwenda kujitambulisha, gari lilizima katikati ya mlima, klachi ikanuka. Yeye na ujanja wake akaligeuza, akapanda kwa rivasi, maana rivasi ndiyo ilikuwa na nguvu. Akafika uani kwa wakwe, matako ya gari mbele.

Shangazi ya Loyi, mama mmoja anaitwa Kabugho, alikuwa amesimama pale na wanawake wote. Akasema, "Mkwe ametuletea mgongo. Akishaoa atatuletea nini?"

Wanawake walicheka. Yonasani hakucheka. Alimwambia Nasani arudi nyumbani, na kama anamtaka Loyi aje tena siku ya Jumapili ya pili akiwaangalia usoni. Asipoweza, basi.

"Si uende kwa miguu?" nikamuuliza.

"Mama Kiiza, nikienda kwa miguu watasema gari imenishinda, na muke naye atanishinda."

Zedekia alichukua jeki. Aliomba, akainua gurudumu moja la nyuma, akaliwekea alama ya chaki, na ile shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi nayo akaiwekea alama. Akaniambia nizungushe gurudumu mara moja, yeye anaangalia shafti. Shafti ilizunguka mara mbili kasoro kidogo.

"Hapana," akasema. "Gari ambayo shafti inazunguka mara chache hivyo haiko duniani. Ingekimbia kama ndege, lakini nguvu ya kuondoka hata hapa uani isingekuwa nayo."

Akanywa chai, akafikiri. Halafu akainua magurudumu yote mawili. Nikazungusha la kwangu kwenda mbele, na la upande ule likaenda nyuma. Nilistaajabu sana. Nikarudisha langu nyuma, na lile likaenda mbele.

"Mbona yanabishana?"

"Ndani ya difu, hiki chungu cha gia kati ya magurudumu ya nyuma, iko gia ndogo za kugawa mzunguko," akasema, na sasa alikuwa anatabasamu. "Gurudumu hili likienda na lile limesimama, shafti inapata nusu tu. Mimi nimehesabu nusu, Mama Kiiza. Lishushe lile, zungusha hili mara mbili."

Nikazungusha mara mbili. Shafti ilikwenda tatu na karibu robo tatu. Akalala pale chini akitikisa kichwa. Akamwambia Nasani kwamba Mzungu yule alikuwa ameweka difu ya mbio. Injini ikizunguka kidogo, gurudumu linakwenda mbali, na kwa hiyo mlimani halina nguvu.

"Dawa iko?"

"Iko, lakini utalia. Unataka Muhokya au unataka Loyi? Difu ya mlima itakupandisha, lakini pale tambarare injini italia na gari haitakwenda mbio kama zamani."

Nasani aliangalia kigari chake muda mrefu, mpaka nikamhurumia. Akasema, "Weka ya Loyi."

Bwera kulikuwa na gari dogo la mizigo lililokufa, la kiwanda kilekile. Zedekia alikwenda akaleta difu yake, akafungua zote mbili uani kwangu juu ya majani ya ndizi. Tukahesabu meno. Gia kubwa ya hii arobaini na moja, na ya ile arobaini na moja. Ndogo ndiyo ilitofautiana: ya mbio meno kumi na moja, ya mlima tisa.

"Basi badilisha hiyo ndogo tu," Nasani akasema.

"Hizi zimesagana pamoja toka kiwandani. Ukizitenganisha zitapiga kelele mpaka zife. Naingiza kubwa na ndogo yake pamoja."

Jumapili ile mimi nilikuwa nimetangulia mlimani kusaidia kupika. Tukasikia injini inalia kule chini, inalia bila kukata, na Kabugho akatoka jikoni na mwiko mkononi. Kigari kikatokea kwenye migomba, taa mbele, Nasani ameshika usukani kwa mikono miwili na Zedekia pembeni yake. Kikaingia uani, kikasimama mbele ya Yonasani.

Nasani aliganda. Aliyeshuka kwanza ni mume wangu. Hakusalimia mtu. Alikwenda nyuma ya gari, akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso karibu liguse udongo, akapeleka mkono kwenye difu kuona kama imechemka.

Kabugho alimwangalia kwa makini.

"Huyu anajua kuingia kwa watu, magoti chini," akasema. "Leteni mikeka. Na wewe Nasani, fanya kama mzee wako."

Nasani akashuka, akapiga magoti kando ya gurudumu. Zedekia aliniangalia kutoka chini ya gari, mimi nikaangalia sufuria nisicheke. Yonasani akamwita Loyi atoke.