Damu ya Watu wa Foleni

Mimi nilianza na baiskeli. Miaka ile ruhusa ilipotoka watu wafanye biashara, nilikuwa navusha sabuni kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na kurudi na mafuta ya kupikia, na shule yangu ilikuwa darasa la nne la Ndalambo, basi. Walionicheka wakati ule leo wanaegesha pikipiki zao kwenye kivuli cha ghorofa yangu. Nimemiliki malori sita yenye trela, na kuanzia Tunduma mpaka Lubumbashi hakuna geti lililowahi kurudisha lori langu. Najua nitaambiwa najisifu. Na niambiwe, lakini bila hayo hutaelewa nilivyokosea kule Dar.

Ugonjwa wangu ni saratani ya mapafu. Nilikuwa natundikiwa dripu za dawa kwenye hospitali kubwa ya Dar, na mara ya tatu wakazisimamisha. Daktari, kijana mwenye miwani, akaniambia dawa zimenimalizia chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Nilikuwa nimeshajua kwa njia yangu. Mswaki ulitoka mdomoni mwekundu, na nikigusa tu kona ya meza mkono unabaki na doa la zambarau wiki nzima. Chembe zile zisipopanda, dripu haiendelei, na dripu isipoendelea, uvimbe unaendelea.

"Ila kuna utafiti, mzee," akasema. "Dawa mpya ya kuzipandisha. Bado inajaribiwa. Ukikidhi vigezo, tunakuingiza."

Muuguzi wa utafiti akaanza kunisomea karatasi ya vigezo. Alipofika mstari wa pili nikamwambia nimeelewa.

"Baba, ngoja nisome yote."

"Sista, mimi nimesaini karatasi za forodha za nchi nne. Hiyo ni ndogo."

Akacheka, akanipa nakala nikaisome nyumbani, akasema nirudi baada ya siku kumi nipimwe. Kitu kimoja alitaka palepale: jina na simu ya ndugu wa karibu. Nikamwambia nitajaza nikirudi. Mke wangu alisharudi Iyula kwenye kahawa ya kwao, akaniambia nilale na malori yangu. Watoto wako Lusaka na Mwanza, salamu zao zinapitia kwa mama yao. Karatasi nikaikunja nikaitia mfuko wa shati. Mimi nasoma kwa kidole, na sikutaka abiria wa jirani kwenye basi anione nikisukuma kidole njia nzima. Nilipofika nyumbani ikabaki humohumo mfukoni.

Sasa, mtu wa malori akisikia kupimwa, akili yake inakwenda kwenye mizani. Dereva anayejua kazi hafiki mizani na lori kama lilivyo. Anasimama nyuma kidogo, anasogeza mzigo mbele ili ekseli ya nyuma ipumue, anamwaga maji ya akiba, ndipo anapanda. Nikawaza, hawa nao wanataka mtu ambaye damu yake imesimama vizuri. Nikienda na damu hii watanirudisha.

Tunduma nilimkuta dereva wangu wa siku nyingi, Mndali wa Ileje niliyemfundisha gia mwenyewe, yuko kwenye foleni ya kuvuka, lori la tatu kutoka getini. Nikamweleza.

"Bosi, hiyo si mizani tu?" akasema. "Tuongeze mzigo."

"Tuongeze nini?"

"Damu, bosi. Kwani unakwenda kupimwa nini, miguu?"

Hospitali moja ya mtu binafsi pale mjini wakanipima, wakakubali kwamba damu ni pungufu, lakini ndugu waje wachangie kwanza. Ndivyo ilivyo kwetu, damu inatoka kwa ukoo. Nilikaa na simu mkononi, nikalitafuta jina la mke wangu, nikaliangalia, nikairudisha simu mfukoni.

Dereva akarudi foleni kupaza sauti. Wakaja watano wananuka dizeli: yeye, madereva watatu wa matajiri wengine, na mbadilisha fedha wa Nakonde ambaye miaka yote tunatukanana juu ya bei ya kwacha. Damu mbili zikakubaliana na yangu, ya dereva na ya yule Mzambia.

"Mudala, mzee wangu," Mzambia akaniambia huku kabana pamba kwenye mkono, "kuanzia kesho utadai ugali wetu wa nshima na dagaa wa kapenta. Na mzigo huo haujalipiwa ushuru!"

"Nyamaza, damu yenyewe inanuka kwacha."

"Basi irudishe!"

Chumba kizima kikacheka. Dereva akakaa miguuni pa kitanda changu mpaka chupa ya pili ikaisha. Foleni ikasogea bila yeye, zamu yake ikapotea. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunikalia hivyo.

Nikaenda Dar kifua mbele. Muuguzi hajauliza kitu, nikamwambia, "Leo niko sawa, sista. Nimeongezewa chupa mbili nyumbani."

Kalamu yake ikasimama.

"Lini, baba?"

"Siku nne sasa."

Akachukua karatasi ileile, akaweka kidole kwenye mstari, akanisomea polepole. Aliyeongezewa damu siku za karibuni haingii. Walimtaka mtu ambaye chembe zake ziko chini kweli, ili zikipanda ijulikane zimepandishwa na dawa.

"Kwa hiyo nilivyokuwa mwanzo ningeingia?"

"Ulivyokuwa, baba, ulikuwa unafaa."

Nikamwambia aandike sikuongezewa, nani atajua? Akatikisa kichwa. "Dawa ikikudhuru hatutajua kwa nini. Sitaandika." Kisha akauliza kama nimekuja na mtu. Nikasema dereva yuko nje.

Nje hakukuwa na mtu. Nilikaa kwenye benchi na ile karatasi, nikaisoma yote kwa kidole, mstari kwa mstari, na hakuna aliyenitazama. Kabla sijaruhusiwa kupimwa tena nafasi zilijaa. Chembe zilipanda zenyewe, taratibu mno, na dripu walipoirudisha waliipunguza nguvu. Uvimbe haukusubiri.

Lakini siku ile, nikiwa palepale kwenye benchi, simu ililia. Alikuwa dereva, yuko barabarani upande wa Zambia, injini inanguruma.

"Bosi! Mizani vipi, umepita?"

"Nimepita."

"Si nilisema! Damu ya Ileje hiyo!" Akapiga honi ndefu ili nisikie.

Mpaka leo sijamwambia. Kila wiki anapiga kuuliza damu yake inaendeleaje, nami namjibu inafanya kazi. Nikimwambia ndiyo iliyonirudisha, ataona aibu ataacha kupiga, na hakuna mwingine anayepiga.