Wanataka nieleze alivyokufa fundi wa gari langu

Admin, naomba ulifiche jina langu. Nina miaka themanini na tatu na moyo wangu umechoka. Daktari amewaambia wanangu wanirudishe nyumbani nipumzike, nami nimeelewa maana yake. Nilifundisha hesabu katika chuo cha Kyambogo, hapa Kampala, kwa muda mrefu, na watu wananiita mtu mwema. Hadi wiki hii sikuwa nimemweleza mtu yeyote jambo hili, hata marehemu mke wangu.

Miaka ile ya utawala wa wanajeshi hapa Uganda nilikuwa kijana mwenye mshahara na kiburi. Nilikuwa na gari dogo la milango miwili. Fundi mmoja Mhindi wa Old Kampala aliichonga injini yake, akabadilisha na vyuma vya ndani, likawa linakimbia kuliko magari makubwa ya wakubwa. Kwa nje lilibaki vilevile kama lilivyotoka kiwandani. Wahindi walipofukuzwa, alikuja kuniaga na kunionya. "Mwalimu, hii injini sasa si ya kitabu. Fundi mwingine akitaka kuishika, mwambie kwanza. Akiifunga kwa vipimo vya kitabu cha kiwanda, pistoni itatoboka."

Baadaye gari likaanza kusumbua. Vipuri vilikuwa vimeadimika mjini, vikipatikana tu kwa kampuni iliyokuwa ikiuza magari yale, na kampuni hiyo ilikuwa na sharti: gari lililochokonolewa injini hawalipokei. Kwa hiyo nilinyamaza. Niliwaza kwamba hawa ni mafundi waliosomea magari haya, watalitengeneza tu, na siri yangu itabaki ndani ya chuma.

Aliyelipokea nitamwita Kayondo. Alikuwa mtu wa Kalerwe, mpole, mwenye mke na watoto wadogo. Aliliwasha, akainamisha kichwa akisikiliza.

"Mwalimu, hii gari inalia kama iko na njaa. Kuna kitu ulifanya ndani?"

"Ni petroli mbaya ya siku hizi," nikamwambia, nikacheka.

Naye akacheka. Akaifunga injini kwa vipimo vya kitabu, kama alivyofundishwa.

Jumamosi iliyofuata, kapteni mmoja jirani yangu aliniomba nimpeleke Jinja. Kusema kweli, hakuomba, na mimi nilifurahi kumwonyesha mbio za gari langu. Tulipoingia msitu wa Mabira injini ikagonga, ikatoa moshi wa bluu, ikazima. Kapteni aliweka mkono kiunoni, penye bastola.

"Gari imetoka gereji juzi, leo inakufa na mimi ndani, katikati ya msitu. Nani aligusa?"

Ningeweza kusema ni mimi. Lakini niliona akinitazama kama mtu aliyemtegea mtego, nikaogopa. Nikalitaja jina la Kayondo.

Jumatatu tulikwenda gereji, yeye na askari wake wawili, nami nyuma yao. Kayondo alitoka chini ya gari jingine akijifuta mikono.

"Afande, mimi nilifunga kama kitabu inasema. Uliza mwalimu. Mimi naona hii injini iko na kitu ingine ndani."

Kapteni akanigeukia. "Mwalimu, sema. Uliifungua hii injini?"

Wasomaji wangu, pale palihitaji neno moja tu. Nikasema, "Hapana, afande. Haijawahi kufunguliwa."

Kayondo alinitazama. Hakunitukana. Nadhani alikuwa bado anangoja niseme tena, kama mtu aliyekosea jibu na atajirekebisha. Wakamwambia avue viatu. Sote mjini tulijua maana ya kuambiwa uvue viatu. Hakuonekana tena.

Jioni ile nilikwenda Kalerwe kwa mkewe. Nilikusudia kusema ukweli, lakini nilipomkuta na mtoto mgongoni, nikasema mumewe amechukuliwa kwa ajili ya gari la mkubwa mmoja, nami nilimwombea kwa wanajeshi wakakataa. Alipiga magoti kunishukuru. Tangu siku ile nikawa rafiki wa nyumba ile. Nilihudhuria kipaimara, mahafali na harusi zao, na kila mara wakaniketisha mbele.

Mama yule alikataa matanga maisha yake yote, akisema mumewe atarudi. Sasa mama naye amefariki. Watoto wameamua kuzika mgomba badala ya mwili, kama desturi yao inavyoruhusu, kando ya kaburi la mama yao, ili baba naye awe na mahali. Na kama mjuavyo mazishi yetu, lazima mtu asimame awaeleze watu marehemu alikufaje. Juzi binti yake mkubwa alikuja, akakaa kando ya kitanda changu.

"Mzee, wewe ndiye uliyemwona mwisho. Tutakubeba kwa kiti. Hatutaki maneno mengi. Sema tu kwamba taata, baba yetu, alikosea kazi ya gari la mkubwa, wakamchukua. Tumeishi na aibu hiyo, shuleni walituita watoto wa fundi mharibifu. Lakini alikuwa mtu mzuri, na sisi kosa lake tulishamsamehe."

Niliitikia kwa kichwa.

Nilimweleza mwanangu, wa kwanza kuyasikia haya. Akasema, "Baba, wewe umebakiza siku chache. Sisi tuna miaka ya kuishi na watu hawa. Sema unaumwa, usiende." Sikumkasirikia. Mimi ndiye niliyemfundisha kunyamaza kunapokuwa na hatari.

Mazishi ni Jumamosi hii. Nikikaa kitandani, mtu mwingine atasimama aseme kwamba Kayondo aliharibu gari, na udongo utawekwa juu ya maneno hayo. Nikienda, nitawapokonya rafiki wa nyumba yao siku ileile wanayomzika. Au nimwite binti peke yake kabla, nimwache yeye achague la kuwaambia watu, nimtwike na mzigo huo pia?

Nitukaneni kwanza, ninastahili. Mkimaliza, nishaurini kabla ya Jumamosi: watu ambao wamemsamehe baba yao kosa langu, niwaambieje kwamba hakukosea?