Gari ya Kuvuta Viti vya Shangazi

Shangazi yangu alienda kutafuta gari akiwa amebeba sufuria. Sitanii. Ile sufuria kubwa kuliko zote, ya pilau, ambayo mimi nikiingia ndani nachuchumaa na bado nafasi inabaki. Alipanda nayo bodaboda, dereva mbele, yeye nyuma, sufuria kichwani, na mimi kwenye bodaboda ya pili najifanya simjui.

Niseme kwanza kazi yake. Anakodisha vitu vya sherehe na misiba: maturubai, viti vya plastiki, masufuria na spika mbili. Tunaishi Nyasho, hapa Musoma, na nimekaa kwake tangu nimalize fomu foo. Tela alikuwa nayo, alichomelewa na fundi kwa kipimo chake mwenyewe. Gari ndo hakuwa nayo. Kila kazi tulikuwaga tunakodi pikapu ya mtu, na mwenye pikapu akichelewa, anayesemwa ni shangazi. Msibani watu hawamjui dereva. Wanamjua mwenye viti.

Basi akaamua kununua. Hela yake ilikuwa ya gari iliyotumika, tena iliyotumika haswa. Na siku ile ile alinitamkia jambo lililoninyima usingizi: "Gari ikija, dereva ni wewe."

Leseni ninayo. Ila nina tatizo moja, na shangazi alikuwa analijua. Kwenye mafunzo tulifundishwa na gari ya manyuo, ya kukanyaga klachi. Kwenye barabara tambarare niko sawa kabisa. Mlimani nilikuwa nazima gari kila nikisimama, mpaka mwalimu akawa anashuka, anasema atanikuta juu. Gari ya otomatiki mimi naiendesha bila wasiwasi. Na hapo jirani kuna kaka mmoja, dereva wa siku nyingi, mpole, hana neno na mtu, alishamwambia shangazi mbele yangu: "Shangazi, ukipata manyuo niite mimi. Otomatiki mpe huyu mtoto."

Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Ikija otomatiki, nina kazi. Ikija manyuo, narudi kuosha masufuria.

Gari ya kwanza ilikuwa hapa hapa mjini. Otomatiki, rangi ya fedha, inang'aa mpaka nikajiona meno. Nikaipenda kabla sijashuka kwenye bodaboda. Mwenyewe alikuwa kijana wa miwani ya jua.

"Mama, hii ina AC, ina redio, ina kamera ya nyuma," akasema.

"Fungua huko nyuma," akasema shangazi.

Akaingiza sufuria. Ikaingia nusu. Akaigeuza, ikagoma. Akailaza ubavu, ikaingia, lakini mlango haukufunga.

"Sufuria si unafunga juu ya keria, mama?"

"Na spika je? Na maturubai? Mimi mwenyewe nikae wapi kijana, kwenye kamera?"

Watu wawili waliokuwa wanaosha gari pembeni wakacheka. Mimi nilikuwa natamani kumfunika yule kijana masikio. Shangazi akauliza kama inavuta tela.

"Hii? Inavuta hata nyumba."

"Umeshaivutisha?"

Kijana akavua miwani, akaivaa tena. Shangazi akapiga magoti kwenye vumbi, na gauni lake la kanisani, akachungulia chini kwa nyuma. Hakukuwa na chuma chochote cha kufungia tela. Akainuka, akajipangusa, akasema ahsante mwanangu, akachukua sufuria yake.

Nyumbani sikunyamaza. Mimi sinaga subira, na kitu nikikitaka nakitaka leo. Nilimwambia sufuria tutaweka kwenye tela, spika tutapakata, chuma cha tela kinachomelewa kwa siku moja tu. Yeye alikuwa anamenya ndizi. Akaniacha niongee mpaka nikaisha.

"Ile gari unaitakia nini?"

"Imetulia, shangazi. Ina viti vizuri."

"Sijakuuliza viti. Viti ninavyo, vimejaa stoo. Nimekuuliza wewe unaitakia nini."

Nikaona nimebanwa. Nikasema, "Kwa sababu ile naweza kuiendesha."

Hakukasirika. Akatupa ganda kwenye ndoo. "Afadhali umesema. Sasa sikiliza. Gari sikununulii wewe. Nainunulia kazi."

Nilinuna mpaka kesho yake. Lakini hata nikiwa nimenuna nilikuwa najua kwamba kama ningekuwa na akili ya yule mama, ningeshakuwa mbali.

Ya pili tuliambiwa iko Bunda, Nyasura. Tukaenda, sisi na sufuria. Mwenye gari alikuwa mzee, bwana shamba mstaafu, na gari yenyewe pikapu ya dizeli, nyeupe ya zamani ambayo imeshakuwa rangi ya uji. Kiti cha dereva kilichanika, akakishona na uzi wa nyavu za samaki. Nikatupa jicho ndani kutafuta gia. Manyuo. Nikajua basi.

Yule mzee sijawahi kuona muuzaji kama yeye. Alianza na mabaya. "Dirisha hili halishuki, usihangaike nalo. AC hakuna, fungua lile lingine. Oili inakunywa kidogo, sikufichi, ukisafiri tembea na dumu dogo. Hapa iligongwa na ng'ombe, mimi ndo nilikuwa na haraka, si ng'ombe."

"Ilikuwa inavuta nini?" shangazi akauliza.

"Mashine ya kupukuchua mahindi. Vijiji vyote hivi mpaka Suguti huko."

Shangazi akazunguka nyuma, akapiga magoti tena. Chuma cha tela kilikuwepo, na kilikuwa kimelika pembeni mpaka kinang'aa kama kijiko. Akapitisha kidole pale. Akapapasa kilipochomelewa, akauliza nani alichomea, akaangalia springi moja moja. Kisha akanyoosha mkono bila kuniangalia, kama daktari anayedai mkasi. Nikampa sufuria. Ikakaa kwenye bodi kana kwamba vimenunuliwa pamoja.

"Jumamosi nina kazi Butiama," akamwambia mzee. "Kipaimara. Mafuta yangu. Uje na gari Nyasho, uendeshe mwenyewe, uvute tela yangu ikiwa na mzigo wake. Ikipanda ule mlima wa kwenda kwa mwenye sherehe, nanunua."

Mzee akacheka. "Mama, unanunua gari kama mtu anayetafuta mchumba."

"Mchumba ni nafuu. Mkishindwana anarudi kwao. Gari ikishindwa inarudi nyuma, na viti vyangu viko nyuma."

Hakuwa anatania sana. Mlima ule ule, tukipeleka viti msibani, gari moja ya kukodi ilisimama katikati kupisha ng'ombe, ikashindwa kuondoka, ikaserereka mpaka tela ikaingia mtaroni. Waombolezaji walikaa kwenye majani siku hiyo. Shangazi aliokota viti kimoja kimoja mbele yao, na hajawahi kulisahau.

Jumamosi asubuhi mzee akaja kweli. Tukapakia: tela ikajaa viti na vyuma vya maturubai, bodi ikajaa spika na masufuria. Tulikaa watatu mbele, mimi katikati, gia inanigonga goti, na kila ikinigonga naona kama inanicheka. Kwenye lami hatukuwa na neno. Pikapu haina mbio, lakini tela nyuma ilikuwa imetulia, haiyumbi, na tulipokuwa tunashuka mzee alirudisha gia, injini ikaishika, breki hakuigusa sana. Shangazi alikuwa anaisikiliza injini. Nilitaka kuichukia gari ile na ikawa inanishinda.

Tukaacha lami, tukaingia barabara ya udongo, mlima ukaja. Mzee akaweka gia ndogo, tukawa tunapanda. Katikati kabisa shangazi akasema, "Simama hapa."

"Hapa? Mbona hakuna kitu?"

"Siku kitakapokuwepo wewe hutakuwepo. Simama."

Akasimama. Akavuta hendibreki, gari ikashika. Akaondoka, ikaondoka, polepole kama mtu anayeinuka na gunia. Shangazi akatikisa kichwa kukubali, nikajua gari imenunuliwa. Nikafikiria masufuria yangu ya kuosha, na yule kaka jirani amekaa kwenye kile kiti cha uzi wa nyavu.

"Simama tena," akasema. "Sasa mzee wangu shuka, aingie huyu."

Sote wawili tukamwangalia.

"Shangazi, mimi mlimani nazima."

"Najua. Ndo maana nimesimamisha mlimani."

Shangazi akashuka kwanza, kisha mzee, nami nikasogea kwenye usukani. Nikamwona shangazi kwenye kioo cha pembeni anatafuta kitu kando ya barabara. Akarudi na jiwe kubwa kama boga, amelikumbatia, kitenge amekifunga juu ya magoti. Akalisukuma nyuma ya tairi la tela na kusimama pembeni, kama utingo wa lori.

"Mama, acha hiyo kazi!" mzee akapiga kelele. "Hiyo tela itakukanyaga!"

"Sijasimama nyuma, nimesimama kando! Na ikinikanyaga, nimekanyagwa na mali yangu! Wewe dereva, washa!"

Nikawasha. Nikaachia klachi, gari ikaruka, ikazima. Tela ikavuta nyuma, nikasikia jiwe linasaga changarawe, na tukasimama pale pale. Hatukwenda nyuma hata kidogo. Mama mwenye viti, mwenye hela, aliyetakiwa awe amevaa vizuri anasalimiana na mwenye sherehe, alikuwa kwenye vumbi anashikilia mlima kwa ajili yangu.

"Washa tena! Jiwe lipo!"

Nikazima tena. Mzee, dirishani, akasema kwa sauti ndogo, "Usiisikilize miguu yako, mwanangu. Isikilize injini. Ikianza kunguruma kwa kubanwa, hapo ndo unaachia hendibreki."

Nikawasha. Nikaachia klachi kidogo, kidogo, injini ikabanwa, pua ya gari ikainuka. Nikaachia hendibreki. Tukaondoka! Tela, viti, spika, sufuria, vyote vikaondoka, na mimi nikaanza kupiga kelele peke yangu mle ndani kama kichaa. Sikuthubutu kusimama tena. Nilipanda mpaka juu kabisa, penye tambarare, ndo nikakumbuka kwamba nimewaacha.

Nikashuka. Mzee alitangulia kufika, anahema. Shangazi alikuwa nyuma yake, anapanda taratibu, vumbi mpaka kwenye nyusi, na jiwe bado amelibeba.

"Shangazi, jiwe la nini tena?"

"Ulifikiri nina uhakika hutasimama?"

Akaliweka kwenye bodi, kando ya sufuria. Kisha, kabla hata hajapumua vizuri, akamgeukia mzee kuanza bei. Huyo ndo shangazi yangu.

"Mzee wangu, gari yako nimeipenda, lakini unipunguzie. Imezima mara mbili mlimani, umeona mwenyewe."

Mzee akaweka mikono kiunoni. "Imezima? Gari yangu haijazima! Imezimwa na dereva wako!"

Shangazi akanigeukia polepole, meno yote nje.

"Umesikia? Mzee wa watu, bwana shamba, amesema mwenyewe. Dereva wangu." Akafungua mlango wa upande wa abiria, akaingia, akajaribu kushusha dirisha ambalo halishuki. "Haya, dereva wangu, twende. Watu wanasubiri viti."