Ubeti Ambao Orlena Aliuruka

Orlena Tidwell alijifunza kuimba katikati ya mitambo ya kufumia. Katika kiwanda cha pamba pale Atlanta, ukitaka mwenzako akusikie unapaza sauti mpaka mishipa ya shingo isimame. Sauti ya chini aliijua kwa jambo moja tu, kumbembeleza mwanawe Velma.

Mpiga fidla alikuwa mumewe, Harl. Yeye ndiye aliyeitwa kwenye kituo cha redio mwaka ule wa 1923, wakubwa wa mjini walipoanza kutambua kwamba nyimbo zetu za milimani zina wasikilizaji wake. Lakini vumbi la pamba lilikuwa limeshamjaa kifuani. Hata kukaa kitini ilikuwa kazi.

"Nenda wewe," alimwambia mkewe. "Wimbo wa mama yangu tunaujua wawili tu. Nisizikwe nao."

"Harl, acha maneno hayo."

"Nenda basi, niyaache."

Jumamosi jioni, jirani yao Bi Dovie alileta kiredio chake. Kilisikika kwa kuvaa masikioni tu, kwa hiyo akavitumbukiza visikilizio ndani ya bakuli la kukandia unga ili sauti ivume, nyumba nzima isikie.

"Orlena, ukishakuwa mtu wa hewani usitujie na maringo kanisani!"

"Wewe nikute umenibakizia mkate, mengine tutaongea."

Chumba cha kituo kilikuwa kimefunikwa mapazia mazito pande zote. Orlena alifungua kinywa, ikatoka sauti ya kiwandani. Fundi aliruka akazima swichi.

"Mama, utaniunguzia mtambo! Unamwita nani, mtu aliye kule Tennessee?"

Wapiga banjo waliokuwa wakingoja zamu wakaangua kicheko. Orlena aliona uso unamwaka moto.

"Nimezoea kelele, bwana."

"Humu hamna kelele. Rudi nyuma, jaribu tena."

Hakurudi nyuma. Alisogea karibu kabisa na kile chuma cha kunasia sauti, akafumba macho, akaimba kama vile ameinama juu ya kitanda cha Velma. Vicheko vikakoma. Alipoufikia ubeti wa mwisho, ule wa kuaga, hakuuimba. Akaurudia wa kwanza, akamalizia hapo.

Alipofika nyumbani aliwakuta majirani wamesimama barazani, wanaume wameshika kofia mikononi kama watu wa msibani. Akakimbilia mlangoni.

"Yupo, mwanangu, yupo," Dovie alimwahi. "Katufukuza sote. Eti tunapumua kwa kelele."

Ndani, Harl alikuwa amelaza kichwa kando ya bakuli, Velma amesinzia ubavuni pake.

"Umeuruka ubeti wa mwisho," alisema.

"Sikuweza. Nisamehe."

Kifua cha Harl kilikuwa kikilia kama filimbi.

"Mama naye alikuwa akiuruka. Aliuimba siku zile tu ambazo kuna maiti ndani. Nani alikwambia?"

"Hakuna aliyeniambia."

Akautafuta mkono wa mkewe juu ya blanketi, akaushika.

"Basi wimbo umetoka salama, na wameusikia kama unavyotakiwa kusikika. Sasa niimbie mimi. Wimbo wote."

Orlena alimtazama sana. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda, akamvuta Velma mapajani, akaanza kwa sauti ile ya chini. Safari hii hakuruka kitu. Nje barazani, wale watu wote wa pamba, wenye vumbi lile lile vifuani, hakuna aliyekohoa.