Somo la Daktari Saluni

Mimi ni msusi hapa Kenyatta Market, na Kiingereza changu kilikuwa kikavu kama chapati ya juzi. Nikaamua kujifunza nikiwa kazini: naweka waya wa simu masikioni, nafunika na kilemba, halafu kila anachosema mwalimu wa masomo ya kwenye simu narudia kwa sauti ili ulimi ulainike.

Jana somo la daktari na mgonjwa lilinikuta nyuma ya bibi harusi, kichwa chake mikononi mwangu. Nikatamka Kiingereza laini kweli: "Pole sana. Tumejaribu kila njia, lakini imeshindikana."

"Nywele zangu? Na harusi ni kesho?" Akaruka kutoka kitini akilia, akanasa waya, ukachomoka kwenye simu. Saluni nzima ikamsikia mwalimu: "Vizuri. Sasa rudia kwa huzuni zaidi."