Jalada Lenye Gauni Langu na Sura ya Mtu Mwingine

Chekeni tu, jamani, maana hata nikiwakataza mtacheka. Sumbawanga nzima imeshacheka, kuanzia sokoni mpaka Kasense kwa mama yangu, na aibu yenyewe ni yangu mimi niliyesimama mbele ya parokia nzima mgongo wazi kwa ajili ya jarida la mitindo. Ila mkimaliza kucheka mniambie mwenye makosa ni nani, kwa sababu hasira hazijanitoka.

Mnajua mimi Skola ni fundi cherehani, na ukuta wa banda langu umejaa kurasa za majarida, nyingine zimepauka kwa jua. Zamani mteja alikuwa anaingia, anagusa picha kwa kidole, anasema "nishonee hili hapa", tumemalizana. Siku hizi ananionyesha mshono kwenye simu, nikigeuka kuchukua futi nimpime, picha imeshapotea na yeye mwenyewe hakumbuki aliitoa wapi. Kwa hiyo alipokuja dada mmoja mhariri kutoka Dar na mpiga picha wake, akasema jarida lao bado ni la karatasi na wanataka mafundi wa mikoani wavae kazi zao wenyewe, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Wakanipeleka nje ya mji kwenye nyasi kavu, upepo wa Ufipa (mnaujua ule, unapuliza mpaka unatoa machozi) ukapeperusha gauni langu la kitenge, mhariri akapiga makofi.

"Dada Skola, cheka! Huo mwanya ndio jalada lenyewe!"

Mwanya wangu nimerithi kwa mama, basi nikacheka mpaka jino la mwisho likaonekana. Wakaondoka na gauni, wakasema bado wanalihitaji kidogo, watalirudisha pamoja na jarida.

Hapo ningefunga mdomo. Lakini nikamwambia jirani yangu Mama Kalista, yeye peke yake, na kumwambia Mama Kalista peke yake ni sawa na kupiga kengele ya kanisa. Jumapili nilipewa hongera mpaka na watu nisiowajua. Kwa hiyo kifurushi kilipofika kwa basi nikaamua (hapa ndipo nilipojimaliza) nisikifungue, ati nisiharibu utamu, Padri akifungue mwenyewe siku ya sikukuu ya somo wa parokia, watu wote wakiwepo. Mama mkwe akapanda kutoka Muze, kule bondeni. Mama yangu akakaa mbele kabisa, amevaa kitenge kipya. Yeye hana simu ya kupangusa, kwake picha ni kitu cha kushika mkononi.

Baada ya misa, pale uwanjani, Padri akachana kifurushi, akanikabidhi gauni langu lililokunjwa vizuri, akainua jarida juu. Watu wakapiga vigelegele, halafu vigelegele vikakatika kimoja kimoja.

Gauni lilikuwa langu. Lakini shingo ilikuwa ndefu kama ya twiga, ngozi imechujwa hadi rangi ya chai ya maziwa, kiuno kingeweza kuzungushiwa bangili, na meno yamejipanga kama vigae, mwanya umezibwa! Nyasi zetu nazo hazikuwepo, nyuma yangu wameweka bahari. Bahari, jamani, mimi ambaye maji makubwa niliyowahi kuyaona ni ya ziwa kule Wampembe!

Padri akamsogezea mama jarida. Mama akalishika, akaliweka mbali, akalileta karibu.

"Baba Padri, shukrani," akasema. "Lakini huyu binti ni wa nani?"

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Mama mkwe akasema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe nimepanda mlima wote ule kuja kumwangalia mgeni." Mmoja wa kwaya akadakia kwamba nimeokota jarida stendi nikajipachika.

Nikawaka. Nikaingia chumba cha kwaya, nikavua nguo yangu, nikavaa lile gauni bila hata kulikagua (mimi, fundi!), nikatoka nikasimama kandokando ya jarida. "Haya, semeni sasa, si lenyewe?" Nikageuka kuwaonyesha mkato wa mgongo, na mkato wa mgongo haukuwepo. Walikuwa wamelipasua kuanzia shingoni mpaka chini ya kiuno ili walibanebane kwa vibanio kwenye mwili wa mtu mwembamba, na parokia nzima ikaiona shimizi yangu niliyoishona kwa mabaki ya pazia la sebuleni.

Mama ndiye aliyeinuka. Akanifunika kwa upande wa kitenge chake, akawageukia watu. "Ni yeye. Macho yangu ya uzee ndiyo yaliyokosea, sasa namwona vizuri kabisa." Akanishika mkono tukaenda nyuma ya kanisa.

Nikampigia mhariri palepale, nikamweleza yote.

"Dada, pole," akasema, "lakini jalada ni lazima liuze. Karatasi inakufa, watu wote wamehamia kwenye simu. Tusipoweka sura inayovutia tunafunga ofisi."

"Kwa hiyo ni mimi niliyeiua karatasi? Ulikuja huku kutafuta mafundi, ukasifia mwanya wangu, halafu ukanifuta na gauni ukalichana! Watalinunua vipi jarida watu ambao hawajioni humo ndani? Sura za namna hiyo wanazo kwenye simu, tena za bure!"

Akasema atalifikisha kwa wakubwa. Nikakata.

Mama alikuwa amekaa kwenye tofali, jarida mapajani, anapapasa lile jalada kwa kidole gumba.

"Skola," akaniita polepole, "sasa huyu niliyemkubali mbele ya watu ni nani?"

 Tangu siku hiyo nimeapa, kamera ya mtu yeyote sisimami mbele yake tena mpaka nionyeshwe picha kabla haijaenda kuchapwa, na kama hawataki ifanane na mimi, basi wakampige picha huyo wanayemtaka wao, gauni atajishonea mwenyewe. Kumfanya mama yangu aseme uongo kwenye uwanja wa kanisa, hilo siwasamehe.