Niliwafunga Watu Midomo kwa Sala

Nimekosa, wapendwa, na kosa langu nililitenda nimefumba macho, mikono nimeiinua juu, na watu wote wamesimama, kofia mikononi. Nisipolisema litanila.

Mimi ni mzee. Nimekuwa katekista wa kigango chetu huku juu Tlawi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Mungu amenijalia mke, watoto, wajukuu na ng'ombe wa kutosha. Namshukuru. Ndiyo maana naona haya zaidi.

Kijiji chetu kilikuwa na fedha yake, iliyotokana na shamba la kijiji tunalokodisha. Uliitishwa mkutano mkuu tuamue: tukarabati josho la ng'ombe lililobomoka, au tujenge darasa la awali hapa kitongojini na kumpa posho mwalimu? Shule yenyewe iko ng'ambo ya bonde, unashuka na kupanda. Mtoto wa miaka mitano hafiki. Watoto wetu walikuwa wanakaa nyumbani mpaka umri wa darasa la kwanza.

Mimi nilitaka josho. Kupe walikuwa wananimalizia ndama! Lakini sikusema hivyo. Nilisema mtoto mdogo ni wa mama yake, na fedha ya umma isimtoe mapajani.

Jirani yangu akaniunga mkono. "Mtoto wa miaka mitano atasoma nini? Kulia?" Watu wakacheka.

Akasimama mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pili. "Shikamoo baba," akanisalimia kwanza, mbele ya wote. Nikaitikia. Kisha akamgeukia yule jirani.

"Na ng'ombe wako, baba, anaenda kusoma nini kwenye josho? Mbona ng'ombe wako ni wa kijiji kizima, na mwanangu ni wangu peke yangu?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Hata wanaume waliokuwa upande wangu wakacheka. Nikaona wazi kwamba tumeshindwa.

Ndipo nikasema, "Mwenyekiti, kabla ya kura, tumwombe Mungu."

Nani angekataa? Kwetu mzee akiomba, watu huitikia, na lililokwisha kuitikiwa halibishiwi. Nililijua hilo vizuri!

Nikamshukuru Mungu kwa mifugo. Nikamwomba awalinde ndama. Nikamwomba awaweke watoto wadogo mapajani alikowaweka Yeye, na atuepushe na sauti zinazotaka kuwatenga na mama zao. Watu wakaitikia kwa nguvu, "Amina!" Na mkwe wangu pia. Nilimsikia.

Kura zikapigwa. Mikono ya darasa ilikuwa michache, tena imeinuliwa nusunusu. Josho likajengwa. Ndama wangu wamenenepa, namshukuru... hapana. Siwezi kumaliza sentensi hiyo.

Januari iliyofuata Ana, binti wa huyo mkwe wangu, akaanza darasa la kwanza. Ana alikuwa mtoto wa maneno! Nyumbani tunasema Kiiraqw, na kwa Kiiraqw alinishinda hata mimi kwa maswali. Kiswahili alikuwa hajawahi kukikalia chini akafundishwa. Wenzake wanaokaa jirani na shule walikuwa wamepita awali. Wanaimba, wananyoosha vidole, wanajibu. Yeye ananyamaza. Wakamwita bubu. Ana wangu, bubu!

Siku moja alirudi sketi imeloa. Alikuwa amebanwa na haja, hakujua aombeje ruhusa. Darasa zima lilimcheka. Kesho yake tulimtafuta, tukamkuta zizini, amejibanza nyuma ya ndama wangu mmoja.

Nilikaa naye chini. Nikamuuliza kwa lugha yetu, kwa nini hutaki shule?

Akasema, "Babu, yule mwalimu hawezi kuongea. Namsikiliza, lakini hatoi maneno. Mwombee kwa Mungu aweze kuongea."

Ee Mungu wangu! Niliinua mikono na sala haikuja. Mtoto akabaki ananitazama.

Jioni nilimwendea mkwe wangu, nikamwomba msamaha. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua macho.

"Baba, mimi mwenyewe niliitikia amina," akasema. "Ulitaka nifanye nini? Nimbishie Mungu?"

Ndugu zangu, sijawahi kupigwa namna hiyo.

Sasa kila asubuhi ninashuka na Ana bondeni, namshika mkono, tunarudia: "Mwalimu, naomba kwenda nje." Njiani anasema vizuri. Tukilikaribia geti la shule, sauti inapungua, kisha inakwisha. Mwalimu ananiambia nivumilie. Navumilia, lakini sijui kama yule mtoto wa maneno atarudi.

Fedha imekwisha. Ya shamba la msimu huu itakapoingia nitasimama mkutanoni, nikiri kama nilivyokiri hapa, na niseme kwamba mtoto naye ni wa kijiji kizima. Wakinizomea, sawa. Sala itaongozwa na mwingine, tena baada ya kura.

Na wewe mzee mwenzangu unayeheshimiwa, ukiona unashindwa kwa hoja, usikimbilie mikono juu. Mwache mama wa watu aseme mpaka amalize. Bishana naye macho yakiwa wazi, umwone usoni, umwone na mtoto aliyembeba.